TREI ZA NYAYA ZA UMEME: TAHADHARI KWA WATUMISHI NA WANANCHI



Trei ya chuma ipitayo ukutani au darini kazi yake ni kubeba nyaya tu. Haikati umeme wala haizuii moto.

Huku kwetu katika Bonde la Rukwa joto ni kali kuliko Sumbawanga mjini, juu ya uwanda wa Ufipa. Waya ulio katika hewa ya joto hauna budi kubebeshwa mzigo mdogo zaidi. Nyaya zikirundikwa katika trei moja, kila waya huupasha mwenzake, ganda hulainika, na umeme wa volti 230 huweza kuingia kwenye chuma. Atakayeigusa trei hiyo anaweza kufa.

Hivyo basi, vipande vyote vya trei viunganishwe na waya wa ethi, toka mwanzo hadi mwisho. Kingo zilizokatwa zisuguliwe zisichane maganda. Nyaya za simu zitengwe. Aidha, trei isigeuzwe rafu ya majalada. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Waya wa ethi hununuliwa; uhai haununuliwi.