Ukubwa wa Shimo: Maneno Machache Juu ya Biti na Vipanuzi vya Kuchimbia Visima

(Maneno yaliyosomwa na idara ya maji mbele ya kamati za parokia na marafiki wachangiaji, katika mkutano wa robo mwaka.)



Tuliombwa tueleze kwa nini makisio ya uchimbaji ya safari hii yana mstari mpya unaosema "biti na vipanuzi", na kwa nini mstari huo umepunguza visima vya kwenye mchanga kutoka vitatu hadi viwili. Swali hilo ni la haki. Kamati zilizokuwa zikisubiri kisima cha tatu zimo humu ukumbini, na hatupendi ziondoke bila maelezo.

Tuanze na chuma chenyewe. Biti ni kile kipande kinachofungwa kwenye ncha ya rodi za kuchimbia, ndicho kinachogusa ardhi. Mashine inaweza kuwa kubwa na kompresa yake ikanguruma hadi kijiji cha pili, lakini kazi yote hufanywa na chuma hicho kinachoweza kubebwa na mtu mmoja au wawili. Wachina wa Sichuan walilijua hili zamani sana. Walichimba visima vya maji ya chumvi kwa kuinua na kuangusha biti nzito ya chuma iliyoning'inizwa kwa kamba ya mianzi, na mwaka 1835 kisima chao cha Shenhai, katika mji wa Zigong, kilipita kina cha mita 1,000. Hawakuwa na injini. Walikuwa na biti za kila namna: ya kuvunja mwamba, ya kupanua shimo, ya kunyoosha shimo lililopinda, na hata za kuokoa vyombo vilivyokatikia chini.

Huko Marekani, mwaka 1909, Howard Hughes mkubwa alipata hataza ya biti yenye koni mbili zinazojiviringisha na kusaga mwamba, na mwaka 1933 kampuni yake ikatoa ya koni tatu. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya mafuta, lakini wachimbaji wa maji nao wanaitumia. Koni za udongo laini zina meno marefu na machache, yaliyoachana. Za mwamba mgumu zina meno mafupi, mengi, yaliyosongamana. Ukiichukua ya kwanza ukaipeleka kwenye mwamba, meno yanakatika. Ukiipeleka ya pili kwenye mfinyanzi, udongo unajaa katikati ya meno na koni zinaviringika bure kama gurudumu lililokwama matopeni.

Kwetu sisi, kwenye mchanga na mfinyanzi, biti tunayoitumia zaidi ni ile ya mabawa. Ni rahisi, na mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kuiunda hapa hapa kwa springi za gari zilizochakaa. Tunasisitiza mabawa matatu. Ya mawili hukata haraka na ni rahisi kutengeneza, lakini inayumba, na shimo lake mara nyingi halitoki duara. Tundu la kutolea matope ya kuchimbia lazima lielekezwe chini, mbele ya bawa, ili matope yafagie udongo mara tu unapokatwa. Tundu likielekezwa ubavuni, matope yanakula ukuta wa shimo na bawa linabaki limevikwa mfinyanzi.

Tuseme neno pia kwa mafundi, maana baadhi yao wamekuja. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Kikichomelewa kikiwa baridi, halafu kikamwagiwa maji, kitapasuka pembeni mwa mshono, na bawa litabaki chini ya ardhi. Kipasheni moto kwanza, chomeleeni, kisha kifukieni kwenye majivu au mchanga mkavu kipoe polepole. Makali yapakwe kwa fito za kuchomelea zenye kabaidi ya tangsteni. Fito hizo ni ghali, kweli, lakini makali yasiyopakwa huisha upesi sana kwenye mchanga mkali.

Kwenye mwamba mgumu, kama itale ya Dodoma na Singida, bawa halifai kitu. Hapo inatumika nyundo ya upepo inayoshuka pamoja na biti hadi chini ya shimo, ikipiga huku rodi zikizunguka polepole. Uso wa biti hiyo umepandwa vifundo vya kabaidi. Vifundo vya mviringo ni vya mwamba mgumu unaokwaruza; vilivyochongoka ni vya mwamba laini zaidi. Kadiri kazi inavyokwenda, kifundo hupata upara. Desturi ya wachimbaji ni kwamba upara ukifikia theluthi moja ya kipenyo cha kifundo, biti inolewe. Wengi hawanoi. Wanaendelea hadi biti ikatae kabisa, kisha wanadai mwamba ulikuwa mgumu kupita kawaida.

Jambo jingine ni pembeni mwa biti. Biti haichakai usoni peke yake. Inachakaa pia ubavuni, na shimo linakuwa jembamba kadiri linavyokwenda chini, kama faneli. Juu linapima sawa, chini bomba halipiti. Tena mchimbaji akishusha biti mpya yenye kipenyo kamili ndani ya shimo lililochimbwa na biti iliyolika, biti hiyo itanasa. Kwa hiyo mwenye biti kadhaa huanza na iliyo nene kuliko zote na kumalizia na iliyolika zaidi. Hili ni jambo la kuuliza kabla kazi haijaanza, na halihitaji shahada ya uhandisi.

Sasa tuje kwenye kipanuzi, ambacho ndicho kilichozua maswali.

Bomba la plastiki tunaloliweka kisimani lina kipenyo cha nje cha milimita 125. Shimo linalochimbwa na biti ya kawaida ni milimita 165. Toeni hesabu: inabaki nafasi ya milimita 20 kila upande, endapo bomba limekaa katikati kabisa, nalo halikai. Kwenye maungio bomba ni nene zaidi, na nafasi inapungua tena. Katika nafasi hiyo mchimbaji anatakiwa kumimina kokoto ndogo za kuchuja hadi chini, mita 40 au 50. Kokoto zinakwama njiani. Juu zinaonekana zimejaa, chini kuna uwazi, na mchanga wa ardhini unaliegemea bomba lenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa katika parokia moja ya nyanda za mchanga. Hatutaitaja, wala hatutamtaja mkandarasi. Maji yalikuwa mengi siku ya majaribio, watu wakapiga vigelegele, picha zikapelekwa kwa wachangiaji. Baadaye ndoo zikaanza kuwa na mchanga chini. Mipira ya pampu ikaliwa, ikabadilishwa, ikaliwa tena, hadi kamati ikaishiwa fedha za vipuri. Tulipopima kina, sehemu ya chini ya bomba ilikuwa imejaa mchanga. Akina mama wamerudi korongoni kufukua visima vya mikono, na kwenye taarifa za zamani kisima kile bado kinahesabiwa kuwa kimoja.

Ili kokoto zishuke vizuri tunataka angalau milimita 50 kila upande. Basi 125, ongeza 50, ongeza 50: shimo la milimita 225. Kokoto zenyewe zinachaguliwa kufuatana na mchanga wa mahali, chembe zake zikiwa kubwa mara 4 hadi 6 kuliko chembe za mchanga ule. Juu ya kokoto, mita kadhaa za mwisho zinajazwa saruji ili maji machafu ya juu yasitambae kando ya bomba na kuingia kisimani. Saruji nayo inahitaji nafasi.

Wengine mmetuuliza kama shimo pana litaongeza maji. Jibu ni kidogo tu. Ukilipanua shimo maradufu, maji huongezeka kwa takriban asilimia 10. Maji yanategemea ardhi yenyewe. Mkandarasi anayewaahidi maji maradufu kwa sababu ya shimo pana anawauzia maneno. Tunachonunua kwa upana ni nafasi ya kokoto na saruji, yaani miaka ya pampu.

Mtauliza, kwa nini tusichimbe upana wote mara moja? Shimo la milimita 225 linatoa udongo unaokaribia mara mbili ya ule wa shimo la 165. Tena, kwa rodi za milimita 89, nafasi kati ya rodi na ukuta inakuwa zaidi ya mara mbili, hivyo kwa pampu ile ile matope yanapanda kwa mwendo usiofika nusu ya ule wa awali, na vipande vya udongo vinarudi chini na kuikaba biti. Mashine zetu ndogo haziwezi. Shimo jembamba la kutangulia ni nafuu pia kwa sababu linatuonyesha tabaka za ardhi kabla hatujagharimia upana. Likikosa maji, tunalifukia na hasara ni ndogo.

Kipanuzi kizuri kina pua ndefu mbele, nyembamba kidogo kuliko shimo la kwanza, ya kukiongoza. Kisicho na pua hujitafutia njia yake, na mnapata mashimo mawili yaliyoungana kwa juu. Mabawa yake yapangwe kwa ngazi, kila ngazi ikate kidogo, ili mashine isilemewe. Na yawe na makali upande wa juu pia: ukuta ukiporomoka juu yake, kiweze kukata njia ya kutokea. Hilo la mwisho mafundi hulisahau, na kipanuzi kikibaki chini kinabaki pamoja na rodi zake. Matope yafanywe mazito zaidi na kazi iende polepole.

Si kila mahali panahitaji haya. Kwenye itale imara ya Singida shimo linasimama lenyewe, mchanga hakuna, na milimita 165 zinatosha. Visima vya huko havikupunguzwa. Kipanuzi kinahusu mchanga, na ile sehemu ya juu ya mwamba uliooza. Penye mawe yanayoporomoka kuna biti ya aina nyingine yenye bawa linalofunguka chini ya bomba la chuma, bomba likiifuata nyuma. Hiyo ni ghali na hatujaiomba.

Kwa hiyo, kamati zinazosubiri, mikataba yenu itaje kipenyo pamoja na mita. Mkataba wa mita peke yake unamlipa mchimbaji kwa shimo lolote lile. Mchimbaji aonyeshe leseni, na kibali cha bodi ya maji ya bonde kiwepo kabla ya kazi, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inavyotaka. Kabla bomba halijashushwa, shusheni kipande kilichonyooka cha mita kama 12. Kikikwama, msikubali kuendelea. Na biti ipimwe kwa pete ya chuma mbele ya wajumbe wawili, ikishuka na ikitoka.

Pete hizo, moja ya milimita 165 na moja ya 225, zimetengenezwa kwenye karakana yetu na ziko pale mezani. Kila kamati yenye kisima katika ratiba ya robo hii isaini daftari na kuondoka na jozi yake. Jozi zirudishwe siku kisima kitakapokabidhiwa. Kisima cha tatu kimewekwa cha kwanza katika maombi ya robo ijayo.