Kompyuta Inapoharibu Mafaili Mara kwa Mara



Kompyuta ya nyumbani ikiharibu mafaili mara moja, huenda ni ajali. Tatizo likirudi baada ya matengenezo, ipo sababu ambayo haijaguswa.

Kwanza, kabla ya matengenezo yoyote, nakilini nyaraka na picha zenu kwenye diski nyingine. Programu ya chkdsk iliyomo katika Windows hurekebisha mpangilio wa mafaili. Haiponyi diski inayokufa, na kazi hiyo yaweza kuimaliza.

Pili, tafuteni chanzo. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika ghafla, kama gridi ya Taifa ilipozimika tarehe 1 Aprili 2024, uandishi wa faili hukatizwa njiani. Kinga yake ni UPS. Hitilafu zikitokea hata umeme ukiwa tulivu, fundi apime diski, waya wake na RAM.

Tatu, mnaponunua diski mpya, daini risiti na hati ya dhamana. Mkiuziwa bandia, pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani.

Diski hununuliwa dukani. Picha ya marehemu mzazi hainunuliki.