Anayehesabu Makombe Hapimi Ploti

(Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wavuvi na kina mama waokotao chaza, Kilifi)

Sitawachelewesha, maji yanakupwa na najua mnataka kushuka.

Nianze na lile linalonong'onwa. Mtu akionekana ufuoni na kamba na fremu ya mraba, husemwa ardhi imeshauzwa. Kwa historia ya ardhi hapa Pwani, siwalaumu. Lakini fremu ya nusu mita haipimi ploti. Mtafiti huilaza chini, huchota mchanga uliomo, huuchekecha kwa chekeche la matundu ya milimita 1, kisha huhesabu moluska waliobaki: chaza, konokono, kauri, na wadogo ambao hata sisi wenyeji hatuna majina yao.

Kujua idadi ya aina hakutoshi. Tuseme kuna fuo mbili, kila mmoja una makombe 100 ya aina 10. Ufuo wa kwanza, kila aina ina makombe 10. Wa pili, aina moja ina 91, zilizobaki moja moja. Mwaka 1949 mtakwimu Edward Simpson wa Uingereza alipendekeza kipimo chepesi: ukiokota makombe mawili bila kuchagua, ni mara ngapi yatakuwa ya aina moja? Ufuo wa kwanza ni takriban mara 1 kati ya 10. Wa pili ni mara 8. Huo wa pili unategemea aina moja tu. Ikiugua, au ikifunikwa na tope kama lile Mto Sabaki unalomwaga Malindi, ndoo inarudi nyumbani tupu.

Makombe matupu nayo huhesabiwa, maana hukaa mchangani hata karne nyingi. Mwaka 2007 Susan Kidwell wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba yanapotofautiana sana na moluska walio hai, mara nyingi ni shughuli za binadamu zilizobadilisha mahali hapo. Kwa hiyo tukiwauzia watalii, tunauza na kumbukumbu zetu. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, kuyaokota ni marufuku.

Akija mtafiti, muulizeni kibali cha NACOSTI. Akiwa nacho, shukeni naye, mwambieni mlikuwa mkiokota nini na wapi. Kisha mdaini arudi kuwasomea matokeo hapa hapa, kwa Kiswahili. Asiporudi, nipigieni mimi.