Jemadari Kazini, Mgonjwa Nyumbani



Leo tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Humo tunakutana na Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu. Mfalme wake alimheshimu sana. Mtu akimwona njiani na farasi na magari yake ya vita, angesema huyu hana shida yo yote duniani. Lakini mstari ule ule wa kwanza unaotaja ukuu wake unaishia kwa kutaja ukoma wake.

Mtu huyu tunamfahamu, maana yumo kati yetu. Ni karani mwenye tai iliyonyooka, mpole kwa kila aingiaye ofisini, na jioni watoto wake wakisikia hatua zake mlangoni wananyamaza. Ni mwalimu mkuu anayepatanisha wazazi wa wanafunzi, naye hajasema na mkewe tangu Jumapili. Ni muuguzi afarijiye wagonjwa kutwa nzima, kisha usiku alia peke yake. Wala sisi wahubiri hatukosekani: iko sauti ya mimbarani, na iko ile ijulikanayo na watu wa nyumbani tu.

Hatusemi ni vibaya kujikaza kazini. Mgonjwa hahitaji muuguzi anayelia kuliko yeye! Hatari ni pale yunifomu inapokuwa maficho, hata mbele za Mungu.

Sasa angalieni ni nani aliyemwonea Naamani huruma. Ni msichana mdogo, mateka kutoka Israeli, aliyemtumikia mkewe. Hakuwa na cheo cho chote, lakini aliishi ndani ya nyumba ile. Na kwetu je? Mara nyingi ajuaye tunapoumwa ni yaya aliye jikoni, au mtoto wetu wa darasa la tatu, nasi hatuwaulizi neno.

Naamani alimwendea Elisha kwa cheo chake, na talanta 10 za fedha, na dhahabu, na mavazi 10. Nabii hakutoka hata kumsalimu. Alimtuma mjumbe tu: nenda ukaoge Yordani mara 7. Jemadari akawaka hasira, akaanza kuisifu mito ya Dameski. Alitazamia kupokewa kama jemadari, kumbe aliitwa kama mgonjwa.

Waliomtuliza ni watumishi tena, nao walimwita baba. Basi akashuka mtoni. Ndugu, hakuna mtu aogaye na deraya. Yamkini watumishi wale waliokuwa ukingoni waliiona ngozi ya bwana wao mchana kweupe. Akazama mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, nao wakitazama. Alipoinuka mara ya 7, ilikuwa kama ngozi ya mtoto mdogo.

Bwana awabariki nyumbani mwenu jioni hii. Amina.