Siku 11 Mombasa



Ndugu msomaji, mimi ni baharia wa Tanga. Nilikwenda Mombasa kupanda meli, nina kitabu cha baharia, cheti cha afya na kadi ya homa ya manjano. Wakala akaniweka hotelini Mwembe Tayari, akasema, "Siku mbili tu."

Zikawa 11. Kila asubuhi naenda ofisini, naambiwa, "Rudi kesho." Siku ya 6 karani akanong'ona, "Ndugu yangu, toa kitu kidogo, muhuri utauona." Pesa ninayo mfukoni, na nyumbani ada ya watoto inadaiwa. Kusema kweli, usiku ule nilizihesabu zile noti mara mbili.

Nikafungua Matendo 24. Feliki alimweka Paulo kifungoni Kaisaria miaka 2, huku akitarajia kupewa fedha. Paulo hakutoa. Na mimi sikutoa.

Je, meli ilinisubiri? Hapana! Iling'oa nanga siku ya 9. Muhuri ukaja siku ya 11. Nikapanda basi na begi langu kurudi Tanga, na meli nyingine niliipata baada ya miezi 4. Ilikuwa miezi migumu.

Lakini hotelini sikuachwa peke yangu. Wapendwa wa ushirika wetu wa Mombasa walikuja kila jioni na chapati na maharagwe ya nazi, tukaomba. Siku ya kwanza hata jina langu hawakulijua. Walisikia tu kuna mtu amekwama.

Mpendwa, mjini kwako pia yupo anayengoja muhuri. Mtafute kabla hajazihesabu noti mara ya tatu.