Kujifunza Nyumbani kwa Kufuata Udadisi wa Mtoto

Leo tunazungumzia watoto wanaojifunza nyumbani bila ratiba ya darasa. Nchini Marekani, mwalimu John Holt alianzisha jarida la Growing Without Schooling mwaka 1977, akiwahimiza wazazi kufuata udadisi wa mtoto.

Mtoto anayependa kupika hupima unga, hugawanya vipimo na kusoma maelekezo. Hapo hesabu na kusoma vimeshaingia. Mzazi naye hakai kando: hujibu maswali, humtafutia vitabu, humpeleka maktaba na kwa mafundi. Elimu ya nyumbani inaruhusiwa kisheria katika majimbo yote 50 ya Marekani, ingawa masharti hutofautiana.

Mzazi mwenzangu, hata kama mwanao anasoma shuleni, usimnyamazishe anapouliza. Mjibu, au tafuteni jibu pamoja.