Pareto Yataka Baridi: Mazungumzo ya Afisa wa Kilimo na Wakulima wa Nyanda za Juu

Mmefika licha ya baridi hii. Baridi hiyo hiyo ndiyo mada yetu.

Hapa Kibirichia na kule Timau, jalidi ikishuka usiku, viazi na maharagwe huamka yameungua. Pareto huivumilia. Tena, mmea huu unahitaji wiki kadhaa za baridi, chini ya nyuzi 16 hivi, ndipo utoe vitumba vya kutosha. Ukiupanda penye joto utavuna majani. Kwa hiyo shamba liwe juu ya mita 1,800. Ndugu zetu wa Embu, kwenu ni sehemu za juu zinazokaribia msitu wa Mlima Kenya. Siakago na Ishiara hapana.

Pandeni kwenye matuta, kwa sababu maji yakituama mizizi huoza. Acheni sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya miche. Baada ya miezi minne hivi mtaanza kuchuma, kisha kila wiki mbili au tatu.

Sasa pesa. Mnunuzi haangalii uzito tu. Hupima dawa ya kuua wadudu iliyo ndani ya ua. Chumeni maua yaliyofunguka, si vitumba wala yaliyonyauka. Subirini umande ukauke. Msiyashindilie kwenye magunia yakiwa mabichi, maana yatapata joto na dawa itapungua. Yatandazeni membamba siku hiyo hiyo. Kilo nne hivi za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu, basi pigeni hesabu kabla ya kukubali bei.

Najua kinachowauma. Wengi waling'oa pareto malipo yalipochelewa, na watoto wakakaa nyumbani kwa kukosa karo. Hatuwaambii msahau. Tunawaambia msing'oe viazi vyote. Anzeni na robo ekari. Kabla ya kununua miche, ulizeni kama mnunuzi ana leseni, na mkataba uonyeshe bei, namna ya kupima na siku ya malipo. Uleteni ofisi ya kilimo ya wadi tuusome pamoja kabla hamjatia sahihi.

Sasa ni zamu yenu ya maswali.